Karatasi Yenye Kosa Haijafika

Aliyemwangusha Bi Rukia wa Mayoni ni Mkuu wa Kituo chetu. Nalitaja hilo mwanzoni ili msomaji, atakaponisikia nikimsifu mtu huyu hapa na pale, asije akadhani nimelegea. Sijalegea. Nitamsifu panapostahili kwa kuwa maisha yangu ya kazi yalikuwa ya kutunza kumbukumbu, na kumbukumbu inayoficha mema ya mshtakiwa ni umbea uliovaa tai.

Jina lake silitaji. Ofisini tulimwita Mkuu, na uso kwa uso Mkubwa, na mpaka leo, tukiwa sote wastaafu, sina jina jingine la kumwita. Ofisi nayo naiacha bila jina, maana jambo hili halikufanywa na ofisi. Lilifanywa na mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti kimoja, akiwa mzima wa akili na ameshiba.

Tulikuwa Kakamega mjini, ghorofa ya juu, chini yetu kukiwa na duka la mbegu na dawa za mifugo, hata nyaraka zetu zikawa zinanuka dawa ya kupe. Kazi yetu ilikuwa kupokea makaratasi ambayo sheria inawataka wenye mitandao ya simu na intaneti wayalete: taarifa za kila robo mwaka, malalamiko ya wateja, ramani za njia za nyaya, vibali vya minara, na matangazo ya kukatiza huduma kila mtambo unapohitaji matengenezo. Mimi nilikuwa Msajili wa Nyaraka. Karatasi iliyoingia ilipitia mkononi mwangu kwenda mezani kwake, na iliyorudishwa ilipitia mkononi mwangu kurudi kwa mwenyewe.

Mkuu alinawa mikono kabla ya kugusa karatasi. Alikuwa na beseni dogo la plastiki nyuma ya mlango na kipande cha sabuni ya kufulia, na alijipangusa kidole baada ya kidole kama mtu anayejiandaa kula obusuma, ugali wetu. Kisha aliivuta karatasi kwa ncha za vidole, akaiinamia, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu. Saini kwanza, kisha tarehe, kisha muhuri wa kampuni, kisha anwani. Maelezo yenyewe, yaani kile ambacho mtu alikuwa amekuja kukisema, aliyafikia mwisho, na mara nyingi hakuyafikia kabisa kwa kuwa kosa lilikuwa limeshapatikana njiani.

Alipopata kosa hakukasirika. Alifurahi kidogo, kama mpishi aliyepata kokoto kwenye mchele kabla haujaingia chunguni. Aliizungushia alama kwa kalamu ya risasi nyekundu, akanikabidhi, na kusema sentensi ile ambayo kila karani wa kituo chetu angeweza kuisema akiwa usingizini: "Karatasi yenye kosa haijafika."

Naomba sentensi hiyo ieleweke, maana humo ndimo mtu alimozikwa. Katika ofisi nyingine karatasi yenye kosa hupigwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikiwa barua ya masahihisho, na mwenyewe akapewa muda. Kwetu haikupigwa chochote. Ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na duara jekundu tu, na kwa hesabu ya ofisi mtu huyo hakuwa amewahi kupanda ngazi zetu. Kanuni hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa yake. Nilimuuliza siku moja inatoka kifungu gani, akaniangalia kwa huruma na kuniambia, "Msajili, mgeni akija kwako uchi, utasema umepata mgeni?"

Sasa mema yake. Hakuchukua rushwa. Nasema hivyo bila kigugumizi, nikijua kwamba wengi wangetamani niseme kinyume, kwa sababu mwizi ni rahisi kumchukia. Msimu mmoja wa Krismasi kampuni moja kubwa ya simu ilimtumia jogoo, amefungwa miguu kwa utepe mwekundu, pamoja na kadi. Sote tulijua ingokho, yaani kuku, ni nini kwa mtu wa kwetu. Anayekuletea jogoo anakuambia wewe ni mkwe, ni mgeni wa heshima, ni mtu wa kufungiwa mlango mkale taratibu. Mkuu alimtazama jogoo yule kwa muda. Kisha aliniita niandike barua ya kumrudisha, akaisoma kutoka chini kwenda juu, akaitia saini, na tarishi akateremka ngazi na jogoo kwapani na barua mfukoni. Alasiri yote tulikaa na njaa ya kuku asiyekuwepo.

Alikuwa mzee wa kanisa, na alikwenda kuwatazama wagonjwa hata wasiokuwa wa kanisa lake. Mke wangu alipolazwa, Mkuu alikuja hospitalini na chupa ya uji wa wimbi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamsimulia habari za ng'ombe wake mpaka mgonjwa akacheka. Hayo nayaandika kwa sababu yalitokea. Sidhani yanapunguza kitu. Mtu anaweza kukubebea uji asubuhi na jioni akamzika jirani yako, na uji ukabaki kuwa uji.

Alichokosa Mkuu ni kuamini kwamba nje ya karatasi kuna nchi. Nitatoa mfano mmoja, kati ya mingi. Kampuni ile ya jogoo ilikuwa na mawakili Nairobi, na makaratasi yake yalikuja yamenyooka kama kitani, kila muhuri mahali pake. Robo moja ya mwaka ilileta taarifa iliyosema kwamba huduma yake ya simu haikukatika popote katika kanda yetu. Katika miezi hiyo hiyo wachuuzi wa mifugo wa Lubao walikuwa wakipanda juu ya lori za ng'ombe ili wapate mawimbi ya kumpigia mnunuzi. Mkuu mwenyewe, aliyekuwa akinunua mbuzi Lubao, alikuwa ameniambia Jumatatu kwamba alishindwa kumpigia mkewe kumuuliza kama amnunue beberu au jike. Jumanne taarifa ile ikafika mezani. Akaisoma kutoka chini kwenda juu. Haikuwa na kosa. Akakivuta kidau cha wino karibu.

"Mkubwa," nikamwambia, "jana umesema Lubao hakuna simu."

"Jana nilikuwa mnunuzi wa mbuzi," akajibu, akapiga muhuri.

Ndivyo ilivyokuwa. Uongo uliopigwa pasi ulipokelewa kwa mikono iliyonawa. Ukweli wenye mkunjo ulirudishwa ngazini.

Bi Rukia alikuwa ukweli wenye mkunjo. Alikuwa mtu wa Matungu, binti wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu, mwanamke mrefu aliyevaa buibui na viatu vya mpira kwa sababu ya matope ya barabara za miwa. Mumewe alikuwa amemwachia duka la kutengeneza redio na simu Mayoni. Kutoka dukani humo alianzisha mtandao mdogo wa intaneti: mnara mmoja, masafa aliyoyalipia kihalali, na wateja ambao kampuni kubwa hazikuwa zimewaona. Zahanati ilikuwa mteja wake, shule mbili, nyumba kadhaa, na mzani wa miwa pale Mayoni, ambao ulihitaji mtandao ili kutoa tiketi za uzito wa kila trela.

Alipokuwa akija ofisini alisalimia kabla ya kuonekana. Tulimsikia ngazini, "Asalamu alaikum, wazee wa muhuri," na makarani wote, Wakristo watupu, wakaitikia, "Waalaikumu salaam, Mama Mtandao." Alinitania sana. "Mzee Msajili, leo nimeandika na rula. Mkubwa wako akipata kosa leo, mimi nitaamini anaziwekanga yeye mwenyewe usiku." Kisha angetoa miwa iliyomenywa kutoka kwenye mfuko, akagawia kila meza, isipokuwa ya Mkuu, kwa kuwa alijua Mkuu asingepokea. Makaratasi yake alikuwa akiyajaza mwenyewe, dukani, kati ya mteja na mteja, hivyo mara nyingine yalikuja na alama ya bisibisi.

Zikafika siku za betri. Betri za mnara wake zilikuwa zimevimba, na fundi wa Kisumu alimwambia zinaweza kupasuka. Ilibidi mnara uzimwe ili zibadilishwe zote pamoja na nyaya zake. Sheria ni nzuri hapa, naitetea: mwenye mtandao anatakiwa alete tangazo ofisini mapema, ofisi ilipige muhuri, ndipo alitoe kwa umma. Kulitoa kabla ya muhuri ni kosa. Bi Rukia alilileta mapema. Nililipokea kwa mikono yangu miwili, nikalisoma kutoka juu kwenda chini kama watu wengine, nikaona kila kitu kimo: siku, sababu, muda, na watakaoguswa. Nikalipeleka ndani.

Lilirudi na duara jekundu. Kwenye nafasi ya maeneo alikuwa ameandika jinsi watu wanavyoyaita: Mayoni sokoni, kwa mzani, nyuma ya zahanati, njia ya kwenda Ekero. Mkuu alitaka majina ya kata kama yalivyo kwenye gazeti la serikali. Nilimwambia kwamba tangazo ni la watu wa Mayoni, na watu wa Mayoni hawajui kata yao inaishia kwa nani. Akaniambia karatasi yenye kosa haijafika.

Bi Rukia hakulalamika. Alirudi nyumbani, akatafuta majina ya kata, akaandika upya, akaja tena baada ya mvua kubwa iliyokuwa imekata barabara. Sasa tarehe zilikuwa zimekaribia. Mkuu akasoma kutoka chini, akakuta tarehe, akazungusha duara. Tangazo lilikuwa limechelewa.

"Lakini liliwahi, Mkubwa," nikasema. "Liliwahi, tukalirudisha."

"Hatukulirudisha. Halikufika."

"Basi afanyeje?"

"Aambatanishe maelezo ya kuchelewa."

Bi Rukia akaandika maelezo palepale, kwenye kona ya meza yangu, miwani yake ikimteleza puani kwa jasho. Aliandika kwamba amechelewa kwa sababu tangazo lake la kwanza lilirudishwa na ofisi. Nikayapeleka. Mkuu akayasoma, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu wazi. Akayarudisha yakiwa na duara kubwa kuliko yote. Maelezo yalikuwa na kosa, akasema, kwa kuwa yanataja jambo ambalo halikutokea. Ofisi haiwezi kuwa imerudisha kitu ambacho hakikufika.

Nimeitafakari alasiri hiyo kwa miaka, na sijapata mlango. Angeandika kweli, ingerudishwa kwa kuwa ni kweli isiyopokelewa. Angeandika uongo, kwamba alisahau, au aliugua, angekuwa amekiri kosa la kuchelewa kwa mkono wake. Nilimshauri aandike uongo. Nilimwambia, mama, andika uliugua, tupite. Aliukunja mfuko wake wa miwa, akasema kwa upole, "Mzee Msajili, mimi sijagonjeka. Mungu anaona." Akashuka ngazi. Siku hiyo hakutania mtu.

Betri hazikusubiri. Zilianza kutoa moshi na fundi akasema zikingojewa hadi kesho zitapasuka. Bi Rukia akauzima mnara. Tangazo hakuweza kulibandika sokoni, wala kulisoma redioni, kwa kuwa halikuwa na muhuri na angeshtakiwa. Akafanya alichoweza kufanya mtu mwaminifu aliyefungwa mikono: akamwambia kila aliyekutana naye. Na siku ile ilikuwa Ijumaa. Aliokutana nao ni wanawake wenzake wa msikitini, na mume wa huyu, na kaka wa yule, na majirani wa mtaa wake ambao wengi ni wa dini yake. Hao wakaacha kukata miwa yao. Wengine wote, wale wa makanisani, waliamka Jumamosi na mapanga yao kama walivyopanga, wakakata.

Muwa ukishakatwa hausubiri mtu. Unakauka, uzito unaondoka, na mkulima anayejua hilo anakata tu pale anapojua trela iko njiani na mzani uko wazi. Mzani ulikuwa umefungwa. Matrekta yalijipanga barabarani tangu mzani hadi karibu na njia ya Ekero, na nyuma yake, mashambani, miwa ililala chini ikageuka rangi. Niliipita barabara ile kwa pikipiki. Harufu yake ilikuwa ya pombe iliyosahauliwa.

Hasara ile iliwauma wakulima, lakini hasara huzoeleka. Kilichommaliza Bi Rukia ni kile kilichosemwa baadaye. Katika mkutano wa wakulima pale sokoni, mjane mmoja aliyekuwa akinunua kadi za simu kwake kwa miaka, ambaye watoto wao walikuwa wamesoma dawati moja, alisimama akamnyooshea kidole.

"Uliambia watu wa msikiti," akasema. "Sisi wa kanisa tulikuwanga nani kwako, Rukia? Mwaka yote tunakulanga sahani moja."

Bi Rukia alifungua kinywa kueleza habari za tangazo, na muhuri, na duara jekundu. Nani angeelewa? Angeelezaje kwamba alikuwa na karatasi ya kuwaonya wote, lakini karatasi hiyo haikuwepo? Akaketi. Tangu siku hiyo pale Mayoni, ambapo watu walikuwa wakialikana Idi na Krismasi bila kuulizana, kukawa na wale walioonywa na wale ambao hawakuonywa.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Kakamega mjini. Mkuu aliapa kwa Biblia, akasema kwa sauti ile ile ya kanisani kwamba katika ofisi yake tangazo la mwenye mtandao huyo halikufika. Sikumsikia akitetemeka. Nikaomba ruhusa ya kusimama. Nikasema mimi ndimi Msajili, na nililipokea tangazo hilo kwa mikono yangu, mara ya kwanza likiwa ndani ya muda. Mwenyekiti akaniuliza kama lina muhuri. Nikasema halina. Ndipo Mkuu akageuka kwenye kiti chake, akaniuliza, kwa upole kama anayemsahihisha mtoto wa Shule ya Jumapili:

"Msajili, ulilipokea au ulilishika?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka. Leseni ya Bi Rukia ikafutwa kwa kosa la kukatiza huduma bila taarifa, na juu yake ikaongezwa kwamba alitoa taarifa kwa baadhi ya watu kinyume cha kanuni. Mnara ukateremshwa. Mzani ukapewa kampuni ya jogoo. Mimi nikahamishiwa ghalani, nikamalizia utumishi wangu nikihesabu viti vilivyovunjika, na Mkuu akaja kunitembelea huko mara kwa mara, akiniuliza hali ya mke wangu, wala hakuonekana kujua kwamba kuna jambo kati yetu.

Ndivyo alivyo mtu huyu, na ndiyo sababu sijamalizana naye. Mwovu anayejua uovu wake huwa anakukwepa sokoni. Mkuu alikuwa akinivukia barabara kuja kunisalimia.

Yapo mengine. Mfumo wa kompyuta ulipokuja, wa kuwawezesha wenye mitandao kutuma taarifa bila kupanda ngazi, aliamuru kila kitu kichapishwe, akakisome kwa kalamu nyekundu, kisha kiingizwe tena kwenye mashine kikiwa safi. Vijana wa ofisi walimwita "skana", nyuma ya mgongo wake. Alipostaafu, katika sherehe yake ya kuagwa alipewa saa ya ukutani, akaigeuza, akasoma nyuma yake, akasema tarehe iliyochongwa si ya siku hiyo. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mzaha. Aliikataa kweli. Ikabaki ofisini, na nasikia inaendelea kutoa saa sahihi.

Tulikutana mwaka huu, katika kituo cha kuwahudumia wateja wa simu hapa mjini. Nilikuwa nimekwenda kubadilisha kadi iliyoharibika. Nikamwona kwenye foleni ya mbele, amekonda, kola imemzidi shingo, lakini viatu vimepakwa rangi. Laini yake ilikuwa imefungwa kwa sababu usajili wake haukulingana na kitambulisho. Kwenye laini hiyo ndiko watoto wake walioko mbali wanakompigia, na ndiko hospitali inakomtumia siku za dawa ya moyo. Hayo aliyasema mwenyewe kwa mhudumu, binti mwenye kucha za rangi ya samawati, ambaye hakuwa mkali hata kidogo.

"Kuka," binti akamwambia, akitumia neno letu la babu, "majina umepanga vingine. Kwa kitambulisho hii ya mwisho iko mbele. Sistimu inakataa. Jaza ingine, uanze laini upya."

"Nilileta jana," Mkuu akasema. "Na juzi nilileta."

"Hakuna kitu ya jana hapa, kuka. Sistimu haioni."

Alisimama pale na karatasi yake mkononi. Akageuka kutafuta mtu wa kumshuhudia, na macho yake yakaniangukia. Uso wake ukang'aa. Aliniita mbele ya watu wote.

"Msajili! Wewe jana ulikuwa hapa. Uliniona. Mwambie nilileta."

Ni kweli nilikuwepo jana yake, nikaondoka foleni ilipokuwa ndefu. Ni kweli nilimwona. Nilitoka kwenye mstari wangu, nikamsogelea mpaka nikaona nywele nyeupe masikioni mwake. Nilikuwa nimelibeba swali lile tangu siku ya kamati, nikilinoa, na sikulitupa haraka.

"Mkubwa," nikamwambia, "uliileta au uliishika?"

Alinitazama. Nilimwona akiitambua sentensi yake kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine. Binti wa kucha za samawati akatutazama kwa zamu, akidhani wazee tunataniana. Mkuu aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akanishika kiwiko, tukaketi kwenye benchi la kusubiri.

"Ni habari ya yule mama wa Mayoni," akasema.

"Ni habari ya Bi Rukia. Ana jina."

"Lile tangazo nililisoma," akasema. "Lote, mpaka juu. Halikuwa na neno la uongo."

Hilo sikulijua. Kwa miaka yote nilidhani hakulifikia. Nilidhani lilikwamia kwenye kata, kisha kwenye tarehe, na mtu mwenyewe hakujua alichokirudisha. Alijua. Alijua siku, alijua mzani, alijua wakulima, akazungusha duara.

"Basi lilifika," nikamwambia.

"Halikufika."

"Mkubwa, umelisoma lote."

"Msajili," akasema, na sauti yake haikuwa ya kanisani tena, "nikisema lile lilifika, yote niliyoyarudisha yalifika. Nitawaambia nini watu wote wale?"

Nikamwomba twende wote Mayoni. Nilimwambia Bi Rukia yuko hai, ana meza ya kuchaji simu Ekero, na kwamba hata leo kuna nyumba ambazo akipita wanafunga redio mpaka avuke, ili naye asipate habari. Nilimwambia hatakiwi kulipa chochote, wala kufungwa. Anatakiwa kusimama sokoni mbele ya wale wa msikiti na wale wa kanisa na kusema sentensi moja. Akatikisa kichwa. Akasema, kama nataka, niandike kwa wanaohusika, na nikiandika nihakikishe sina kosa. Kisha akasimama, akarudi kwenye foleni, mwishoni, kwenda kuomba fomu nyingine. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia binti yule kwamba mzee huyu alikuwa hapa jana. Nilibadilisha kadi yangu nikaenda nyumbani, na usingizi nikalala.

Nimeandika, basi. Kwa wakuu wa ofisi niliyoitumikia, na kwa yeyote aliyerithi kiti kile pamoja na kalamu yake nyekundu, nadai rasmi yafuatayo. Kumbukumbu ya kamati isahihishwe ili isomeke kwamba tangazo la Bi Rukia wa Mayoni lilifikishwa ofisini ndani ya muda, na kwamba Mkuu wa Kituo alilisoma na akakataa kulipokea. Uamuzi wa kumnyang'anya leseni ufutwe kwa maandishi, kwa jina lake kamili, akiwa hai wa kuusikia. Masahihisho hayo yasomwe kwa sauti katika soko la Mayoni siku ya soko, kisha msikitini na katika makanisa ya pale, yakitaja maeneo kama wenyewe wanavyoyaita: sokoni, kwa mzani, nyuma ya zahanati, njia ya kwenda Ekero. Na Mkuu aitwe awepo, asimame palepale alipokuwa amesimama yule mjane, aulizwe mbele ya wote ni kwa nini, naye ajibu.

Iwapo maandishi haya yana kosa, lizungushiwe duara baada ya kupigwa muhuri, si kabla. Nimeyaleta mwenyewe, kwa miguu yangu, juu ya ngazi zilezile. Yamefika.